Kuku wa Soksi

Walikutana kwenye dirisha la vifurushi, stendi ya mabasi, mchana wa mwisho wa mwezi, wakati nusu ya mji ilikuwa inatuma kitu na nusu nyingine inapokea. Zilikuwa enzi za simu za vibonyezo, mtu akibipu kwa sababu vocha imekwisha, na kifurushi kikifika ulisubiri kuitwa kwa kipaza sauti kilichokoroma kuliko kusema. Msichana alikuwa amevaa gauni la maua makubwa ya zambarau, lililoshonwa kwa kitambaa kilichobaki kwenye mapazia ya mteja. Kiunoni alikuwa na futi yake ya kupimia. Alitoka kazini mbio akasahau kuivua. Alikuwa fundi wa mapazia, na mtaani walimwita Pazia, jina alilolikataa mwaka mzima kisha akachoka kulikataa.

Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyofuliwa mpaka ikapauka. Alikuja kuchukua mota ya friji. Karani wa vifurushi alikuwa na foleni ndefu na subira fupi. Aliiburura ile mota akaibwaga kaunta, juu ya boksi lililoandikwa kwa kalamu nene pande zote: MAYAI. USITIKISE.

Pazia alitoa mguno ambao hata yeye hakujua anao. Kijana akainyanyua mota kabla karani hajageuka, lakini boksi lilikuwa limeshabonyea pembeni. Karani akauliza, bila kumwangalia mtu, kwa nini dada wa watu aagize mayai kutoka mwisho wa nchi wakati yamejaa dukani. Pazia alifungua boksi palepale, watu wakimsukuma mgongoni, akawa anatoa yai moja moja kutoka kwenye maranda ya mbao, analigeuza, analipapasa kwa kidole gumba. Kadhaa yalikuwa yamepasuka. Aliyaweka kando bila neno, na ule ukimya wake ndio uliomwuma kijana.

"Mota ni yangu," akasema. "Kwa hiyo kosa ni langu. Nikulipe nini?"

"Usilipe. Nibebee."

"Nikubebee mpaka wapi?"

"Mpaka nyumbani. Kwa miguu. Gari litayamaliza yaliyobaki."

Kijana aliangalia jua, akaangalia mota, akaangalia ile futi kiunoni. Akamwomba karani amtunzie mota yake. Miaka mingi baadaye alikuwa akisema ni futi iliyomponza: alihisi mwanamke anayetembea na futi ameshakuja kumpima mtu.

Walikata mji mzima hivyo, yeye na boksi kifuani kama amebeba mtoto mchanga, Pazia akitangulia kumfungulia njia kati ya wauza viatu na mikokoteni. Njiani wakasimuliana. Kijana alikuwa fundi wa majokofu, na kwa kazi hiyo waliompenda na waliomdai walimwita jina moja, Baridi. Pazia akamweleza habari ya mayai.

Baba yake alikuwa mpiga chapa mstaafu. Zamani, walipokuwa na nyumba yenye uwanja, mzee alifuga kuku wa aina ambayo siku hizi haionekani, wa rangi ya majivu, wenye manyoya mpaka kwenye vidole vya miguu. Watoto wa mtaa waliwaita kuku wa soksi. Walikuwa wapole kiasi kwamba mama yake Pazia aliweza kumenya viazi huku mmoja amelala mapajani. Halafu ukaja ugonjwa wa kideri, ukawafagia wote kwa wiki moja. Mwaka uliofuata mama naye akafariki, nyumba ikauzwa, na mzee hakufuga tena. Sasa macho yake yalikuwa yanakwenda. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lilikuwa linazidi kuwa jembamba. Pazia aliulizia kuku wale kwa kila mtu aliyemjua, mpaka akampata bibi mmoja mfugaji, mbali huko milimani, aliyekuwa bado anao.

"Nataka awaone," Pazia alisema. "Si kuambiwa. Awaone mwenyewe, kabla."

Hakumalizia, na Baridi hakumwuliza kabla ya nini.

Nyumba ilikuwa ya chini kwenye jengo la ghorofa, vyumba viwili na ua mdogo wa saruji kwa nyuma. Mzee alikuwa amekaa jikoni akisikiliza redio. Alimsalimia mgeni, akamwomba asogee kulia kidogo ili amwone, akamwangalia kipande kipande kuanzia viatu. Kisha akasema kijana ana viatu vya mtu anayefanya kazi, akarudi kwenye redio yake. Mayai yakawekwa yatulie mpaka kesho, ncha nyembamba chini, ili uchovu wa safari uyatoke.

Mashine ya kutotolea mayai ilikuwa boksi la povu gumu jeupe lenye balbu moja. Baridi aliingiza mkono ndani, akautoa, akaingiza tena upande wa pili. Upande mmoja ulikuwa unachoma na mwingine umepoa. Akaondoka bila kuaga vizuri, na Pazia akadhani ndiyo basi. Asubuhi akarudi na friji bovu mgongoni mwa mkokoteni.

"Maisha yangu yote nalipwa nilete baridi," alisema akifungua mgongo wa lile friji. "Leo nimekutana na wa kunifukuzia jina."

"Friji si litayagandisha?"

"Friji halina habari ya kugandisha. Linatunza tu ulichoweka ndani. Ukiweka joto, litatunza joto."

Akang'oa mota, akafunga balbu juu na chini, akaweka feni ndogo ya kuzungusha hewa, akapachika kidhibiti joto alichokitoa kwenye jiko la umeme. Pazia akaweka bakuli la maji kwa ajili ya unyevu. Mayai yakaingia, kila moja limetiwa alama ya penseli upande mmoja ili wajue lililogeuzwa na ambalo bado.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza, ingawa wenyewe waliyaita kugeuza mayai. Baridi alikuwa anapita asubuhi akienda kazini na jioni akirudi. Katikati alibipu. Mlio mmoja ulimaanisha joto likoje, na Pazia akijibu kwa mlio mmoja ilikuwa salama. Akibipu mara mbili, njoo. Kuna mchana Pazia alibipu mara mbili, Baridi akaacha friji la mteja limefunguliwa tumbo akaja mbio, akakuta joto liko sawa na Pazia amepika.

"Umenidanganya."

"Mayai yalikukumbuka."

"Mayai?"

"Kula, chakula kinapoa. Au wewe ndiye umekipoza?"

Wiki ya kwanza ilipokwisha walipima mayai. Pazia alifunga mapazia mazito ya chumbani, yale ya kitambaa cha velveti aliyoshona mwenyewe, kukawa giza katikati ya mchana. Baridi akashika tochi, Pazia akaweka yai juu ya mwanga. La kwanza lilikuwa jeupe tupu. La pili pia. Mayai yaliyosafiri ndivyo yalivyo, mengi huvurugika ndani hata kama ganda halina ufa, na bibi mfugaji alikuwa amemwonya. Lakini Pazia alishaanza kuuma mdomo. Kisha likaja moja lililojaa nyuzi nyekundu kama mizizi, na katikati yake doa jeusi likarukaruka.

"Huo ni moyo," Pazia akanong'ona.

Baridi alikuwa ameshika tochi kwa mikono miwili, mikono iliyozoea kushika mabomba ya gesi, na mwanga ulikuwa unachezacheza. Pazia akaweka mkono wake juu ya mikono ile ili mwanga utulie. Waliyapima yaliyobaki hivyohivyo, polepole, na walipomaliza hakuna aliyekwenda kufungua pazia mpaka mzee alipokohoa jikoni na kuuliza kama mayai yameanza kuongea.

Zilikuwa siku nzuri. Umeme ulipokatika walizungushia mayai chupa za maji ya moto na kukaa wameegemea mlango wa friji kama walinzi, wakitaniana. Baridi alimwita mtoto wa velveti. Pazia alimwita fundi joto. Mzee alianza kuzima redio kijana akiingia, ili awasikie vizuri.

Zilikuwa zimebaki siku chache mayai yaanguliwe, na friji limeshafungwa lisifunguliwe tena mpaka vifaranga watoke, Pazia alipoamua kumpelekea Baridi chakula karakana. Alivaa blauzi yake nyeupe na sketi ya rangi ya machungwa, akapaka na mafuta ya midomo. Alikuta rafu za karakana ziko tupu na kibao cha nje kimeshushwa, kimeegemezwa ukutani. Baridi hakuwepo. Mama wa chai wa mlango wa pili akamfurahia, akamshika mikono yote miwili, akampa hongera. Alisema ni kazi nzuri sana ile, maghala ya kugandishia samaki bandarini, mkataba wa miaka miwili, si kila kijana anapata. Akauliza Pazia naye anahamia lini.

Pazia alisema bado hawajapanga. Aliacha chakula pale. Alitembea hadi kona ya mtaa, akanunua vocha, akapiga.

"Ni kweli unaondoka?"

Nyuma ya Baridi alisikia mtu akigonga chuma.

"Nilitaka nikwambie."

"Lini?"

"Yakishaanguliwa. Una baba, una mayai, una kazi za watu. Niliona nisikutwishe na hili."

"Kwa hiyo mama wa chai ana mabega makubwa kuliko yangu."

"Mpenzi, nisikilize. Nilikuwa nataka nikuombe..."

"Usije nyumbani. Mashine tutaiangalia wenyewe."

Akakata. Baridi alipiga tena, Pazia akaacha ilie. Baridi alikuja mara mbili na mara zote mbili mzee ndiye aliyefungua, akamwambia kwa upole kwamba binti hataki, na kwamba yeye hawezi kumlazimisha mtu aliyemlea asilazimishwe. Mwisho wa wiki Baridi akapanda basi. Alipiga kutoka njiani. Pazia aliitazama simu ikizunguka mezani kwa mtetemo wake, kati ya vipande vya kitambaa, mpaka ikafika ukingoni ikanyamaza.

Asubuhi iliyofuata walisikia sauti ndani ya friji.

Vifaranga walikuwa watatu tu. Mayai mengine hayakusema kitu. Pazia aliwasubiri wakauke, akamletea mzee mmoja kwenye kiganja, akamweka mahali ambapo macho yake yalikuwa bado yanafika. Mzee alimsogeza karibu, akamsogeza mbali, akatafuta miguu. Ilikuwa na manyoya laini mpaka vidoleni. Alikaa naye muda mrefu.

"Mama yako angesema wamechafua meza," akasema hatimaye, na hapo akalia, na Pazia akalia naye, kila mmoja kwa sababu zake.

Aliwalea chini ya meza ya cherehani, kwenye boksi lenye balbu, wakilala kwa mlio wa sindano. Aliwatilia dawa ya kideri machoni kwa mkono wake mwenyewe, hakumwamini mtu. Walipokua wakahamia uani, na wapangaji wa ghorofani waliokuwa wamejiandaa kulalamika wakaanza kushusha maganda ya mboga kwa kamba. Wote watatu waligeuka kuwa mitetea. Walitaga mayai mengi ya rangi ya maziwa, mazuri, yasiyoweza kutoa kifaranga. Jogoo hakuwepo.

Lile friji lilibaki jikoni. Pazia aliweka humo vitambaa vyake vya velveti, akijiambia anavikinga na nondo. Kuna wakati alifungua mlango bila kuhitaji kitambaa. Aliwahi kupiga namba ya Baridi, mara moja, baada ya miezi mingi, akaambiwa na sauti ya kampuni kwamba namba hiyo haitumiki. Akajisemea ndivyo ilivyo. Alishona mapazia ya maharusi wa watu. Na macho ya mzee, siku moja bila kelele, yakafunga kazi. Akawa anakaa uani na mitetea, anawajua kwa uzito.

Mwaka wa pili ulikuwa umefika katikati pale bibi mfugaji alipopiga simu kutoka milimani. Sauti yake ilikuwa imezeeka. Alisema kideri kimepita kwake, hakikubakiza hata unyoya. Alikuwa anapiga kuuliza kama wale wa Pazia wapo. Pazia akasema wapo, lakini mitetea mitupu.

"Basi mbegu haijaisha," bibi akasema. "Kuna kijana aliagiza mayai kwangu mwaka jana. Yuko bandarini, kwenye samaki. Amepata jogoo mmoja. Ananipigia kila mwezi kuniuliza maswali mpaka nachoka. Wewe unaye wa kike, yeye anaye wa kiume. Ongeeni, mwanangu. Mimi ni mzee, sitaanza tena."

Akamtajia namba, na Pazia akaiandika kwa chaki kwenye kitambaa cha mteja.

Alikaa na namba ile siku nzima. Jioni, mzee akiwa uani, akapiga. Iliita mara moja tu.

"Naambiwa una jogoo," Pazia akasema.

Upande wa pili mtu alivuta pumzi. "Nani kakwambia?"

"Bibi wa milimani. Mbona ulibadilisha namba?"

"Simu ilianguka kwenye tangi la barafu mwezi wangu wa kwanza huku. Na wewe hukuwa unapokea, nikaona hata nikiipata namba mpya, nimpe nani."

"Na jogoo wa nini, kwenye ghala la samaki?"

"Nilizoea kurudi nyumbani kuna kitu kinasubiri joto. Huku hakuna. Nikatengeneza mashine kwa boksi la samaki. Akatoka mmoja. Anaishi juu ya paa la ghala, na wenzangu wananichukia kila alfajiri."

Pazia alicheka kabla hajajizuia. Vocha ikawa inakwenda, na hakuna aliyejali.

"Ungeniambia," Pazia akasema. "Ningekasirika siku moja. Ningekusindikiza."

"Najua. Niliogopa ungesema niende tu, kwa urahisi."

Hilo Pazia hakuwa amelifikiria hata mara moja katika mwaka mzima na zaidi wa kulifikiria jambo lile.

Mabasi hayakupokea kifurushi chenye uhai, kwa hiyo Baridi aliomba ruhusa akamleta mwenyewe, safari ya kutwa nzima na jogoo mapajani, ndani ya kikapu kilichofunikwa shati. Alikuwa amenenepa kidogo na ananukia samaki kwa mbali, na suruali yake mpya ilikuwa na mkunjo wa duka. Pazia alimfungulia mlango akiwa amevaa gauni la kawaida la nyumbani, kwa makusudi, baada ya kubadilisha nguo tatu. Walisalimiana kama watu wa ofisini. Jogoo ndiye aliyewaokoa: alitoka kikapuni, akajikung'uta, akapita katikati yao mpaka uani kama mwenye nyumba.

Mzee aliomba apewe amshike. Akapapasa miguu yake, unyoya kwa unyoya.

"Wenzako huleta washenga," akamwambia Baridi. "Wewe umeniletea huyu."

"Washenga nisingewaamini na safari, mzee."

Mzee akacheka, akasema anakwenda kujilaza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa ile.

Walibaki uani, wamekaa kwenye ngazi ya mlango, kuku wakizungukana kwa mashaka. Baridi alisema mkataba umebakiza miezi kadhaa, na anataka aumalize kwa sababu aliusaini. Kisha atarudi, karakana iko palepale, mama wa chai amekitunza kibao.

"Siku ile ya simu," akasema, "nilikuwa nataka nikuombe unioe. Yaani nikuoe. Uliona? Nilijua nitaharibu."

"Na baba?"

"Sikuombi utoke hapa. Naomba niingie."

Pazia alichezea ukingo wa gauni lake. Angeweza kusema ndiyo palepale, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alikumbuka rafu zile zilizokuwa tupu, na jinsi alivyotembea hadi kona akitabasamu ili mama wa chai asijue.

"Nenda ukamalize," akasema. "Ukirudi, uniulize tena."

"Na nisiporudi?"

"Basi utakuwa umenipa jogoo bure."

Safari hii alimsindikiza. Alisimama chini ya dirisha la basi mpaka lilipoondoka, na hakujali nani anamwona akifuta macho kwa kiganja.

Vifaranga wa kwanza walianguliwa chini ya mama yao wenyewe, kwenye kapu la nguo, na mzee alikuwa anawaingiza mfukoni mwa koti. Simu zilikuwa kila jioni. Nyingine zilikuwa ndefu, nyingine ni Baridi tu akisema amechoka, alale.

Siku aliyorudi, Pazia hakuwa nyumbani. Alikuwa kwa mteja, juu ya ngazi, anatundika mapazia ya sebule, mdomoni ameuma pini kibao. Mwenye nyumba akaingia akamwambia kuna mtu mlangoni, ana begi, mzee amemwelekeza, anasema hatakaa sana ila anataka kukaa daima, na yeye hakumwelewa. Pazia aligeuka. Baridi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, amevua viatu.

"Nimemaliza," akasema. "Naomba nikuulize tena."

Pazia alishuka ngazi, hatua kwa hatua, akasimama mbele yake, akaanza kutoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye kola ya shati la Baridi, naye akiwa ametulia hapumui, mpaka ya mwisho ikatoka.

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa ndiyo tangu siku ile. Nilitaka tu uje uichukue mwenyewe."

Kisha akamwuliza kama amekula. Sebule ile ilibaki na pazia la upande mmoja hadi Jumatatu, na mwenye nyumba, muungwana, hakulalamika.